Hesabuni Mimba, Si Vichwa

Muulize mfugaji yeyote wa Mitunguu ana ng'ombe wangapi, atakuangalia kama mtu aliyeuliza nusu ya swali. Wangapi wanakamuliwa? Nani ana mimba, na ya miezi mingapi? Nani amepandishwa mara tatu na bado hajashika? Mwenye ng'ombe wanne wasioshika mimba hana mali, ana gharama. Tarehe ya kupandishwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kadi, kadi imechomekwa ukutani, na ukipita mwaka na miezi kadhaa bila ndama, nyumba nzima inakaa chini kuulizana tatizo ni chakula, ni dume, ni ugonjwa ama ni nini. Hao ni watu wanaouza maziwa na ndizi. Hakuna aliyewafundisha takwimu.

Sasa nionyeshe kadi ya nguva.

Wengi mkisikia nguva mnafikiria mwanamke mwenye mkia wa samaki, yule wa hadithi za majini zinazozunguka kwenye simu kila mtu akirudi kutoka likizo Mombasa. Ninayemzungumzia ni mnyama wa kilo mia tatu, mia nne hivi. Anapanda juu kupumua hewa kama wewe, ananyonyesha mtoto wake, na siku nzima anachunga chini ya maji akila nyasi za bahari. Jamaa yake wa karibu aliye nchi kavu ni tembo. Hapa Kenya waliobaki wanaonekana zaidi upande wa Kiunga, visiwa vya Lamu na ghuba ya Ungwana ambako mto Tana unaingia baharini, na mara moja moja kusini huko Funzi na Wasini.

Miaka ya 1960 kulikuwa na ripoti za makundi ya mamia kwenye pwani hii. Ndege ilipopita kuhesabu mwaka 1994 walionekana 10. Mwaka 1996 wakaonekana 6. Desemba 2022, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likatangaza kwamba nguva wa pwani yote ya Afrika Mashariki wako kwenye ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini, wazima wakiwa chini ya 250, wengi wao huko Bazaruto, Msumbiji. Gazeti zikaandika, watu wakaweka emoji ya machozi, ikaisha hapo.

Ugomvi wangu ni huu: nambari zote hizo ni za vichwa. Kumi, sita, chini ya 250. Ni kama daktari wa mifugo aje bomani, ahesabu pembe, apande pikipiki aende zake. Kichwa kinakuambia jana. Ukitaka kujua kesho lazima uulize majike ni wangapi, wanazaa kila baada ya miaka mingapi, na hiyo miaka inarefuka ama inapungua. Hilo ndilo swali tunalokataa kulilipia, na kisingizio ni kila mara kimoja: wanyama wenyewe ni wachache mno, mtapima nini? Nitarudi kwa hicho kisingizio.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na kozi yenyewe ilikuwa ya takwimu, kwa hivyo mnivumilie nipige hesabu kidogo. Nguva jike huzaa mtoto mmoja. Mimba inachukua miezi 13 na zaidi. Mtoto ananyonya hadi mwaka na nusu. Jike wa kwanza kuanza kuzaa anaanza akiwa na miaka sita au saba, lakini mwingine anangoja mpaka afike 17. Kutoka mtoto hadi mtoto ni miaka miwili na nusu pale mambo ni mazuri, na inaweza kufika saba pale mambo ni mabaya. Anaweza kuishi miaka 70. Hiyo tofauti ya kati ya mbili na nusu na saba ndiyo habari yote. Jike yuleyule, bahari ileile, anaweza kukupa watoto kumi na kitu maishani au akakupa sita, na ukimwona kutoka kwenye ndege hutajua ni yupi. Ni kichwa kimoja tu.

Wanaowachunguza wanasema hata kila kitu kikienda sawa, kundi la nguva haliwezi kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 hivi kwa mwaka. Tuseme una kundi la 50. Asilimia 5 ni wawili na nusu. Jarife moja likitegwa usiku mmoja, la kutafuta papa, likanasa wawili, mwaka mzima wa kundi umeisha kabla watu hawajanywa chai. Na hapo nimekupa mwaka mzuri. Mwaka ambao majike hawashiki mimba, hata bila jarife, kundi linazeeka kimyakimya huku idadi ikionekana ileile. Miaka kumi ripoti inaandika "idadi imetulia". Imetulia kama boma la ng'ombe wazee.

Kuna mahali haya yote yalionekana waziwazi. Queensland, Australia, kuna ghuba inaitwa Hervey Bay. Mwaka 1988 walikuwa wanakadiria nguva zaidi ya elfu mbili, na kati ya waliohesabiwa, asilimia 22 walikuwa watoto. Boma lenye afya. Mapema mwaka 1992 mafuriko mawili na kimbunga vikapita hapo ndani ya wiki chache. Mito ikamwaga matope, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, jua halikufika chini. Nyasi za bahari ni mimea kama mahindi, bila jua zinakufa. Zaidi ya kilomita 1,000 za mraba za malisho zikaenda. Miezi michache baadaye mizoga ikaanza kutupwa ufuoni, wamekonda kwa njaa, na wengine walikuwa wamehama mamia ya kilomita kutafuta chakula.

Lakini ngoja uone upande wa watoto. Mwaka 1993 kati ya waliobaki, watoto walikuwa asilimia 2.2. Mwaka 1994, asilimia 1.5. Kutoka 22 hadi moja na nusu. Kwamba waliobaki walikuwa hai haikumaanisha walikuwa wanazaa. Jike asiye na mafuta mwilini haingii joto, basi; mwili unafunga duka. Kisha mwaka 2011 mafuriko na kimbunga kingine vikapiga pwani hiyohiyo ya Queensland, na wahesabuji waliporuka mwishoni mwa mwaka upande wa kusini hawakuona mtoto hata mmoja. Sifuri. Wangekuwa wanahesabu vichwa pekee wangesema wamepungua, pole sana. Kwa kuwa walihesabu watoto, walijua kitu kizito zaidi: kwamba athari ya matope inaendelea miaka mingi baada ya maji kutulia, na kwamba ukitaka nguva wazae inabidi uanze na nyasi.

Hapa ndipo ninakuja kwa watu wa kwetu, maana najua mnachosema. Nimeambiwa sokoni, kwa upendo kabisa, "Wewe kijana, nguva wa Lamu wanakuhusu nini? Sisi ni watu wa mlima." Mzee wangu, twende pamoja hadi Thingithu mvua ya Aprili ikinyesha. Angalia rangi ya huo mto. Mchanga huo ni shamba la mtu, limetoka juu Nkubu huko, likapita hapa Mitunguu kwenye ndizi zetu, linateremka Tharaka, linaingia Tana. Na Tana hauishii Garissa. Unaishia Kipini, kwenye ghuba ya Ungwana, palepale nilipowataja nguva.

Mtu wa Nairobi atasema matope ya Tana yanazuiwa na mabwawa. Ni kweli, ya kwake. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, yote matano yanakinga udongo wa Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Embu. Mito ya Meru na Tharaka inaingia Tana chini ya Kiambere, ikiwa imeyakwepa yote. Na angalia pesa zinafuata nini. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya juu na Nairobi, kusaidia wakulima wa huko kupanda nyasi kwenye kingo na kuchimba makinga maji, kwa sababu matope yalikuwa yanaharibu umeme na maji ya bomba ya jiji. Kazi nzuri, siipingi. Ila imenionyesha bei ya tope. Tope likielekea kwenye bomba la Nairobi lina mfuko, lina kampuni kubwa zimechangia, lina sherehe ya uzinduzi. Tope likielekea kwa nguva na kwa mvuvi wa Kipini, halina mwenyewe.

Kuanzia Novemba 2023 mvua za El Niño zikafurika Tana yote. Aprili na Mei 2024 zikaja tena, mliona wenyewe, nyumba za Garissa na Tana River zikiwa ndani ya maji, watu wakafa, wengine wakakaa kwenye mahema miezi mingi. Hilo lilikuwa la kwanza na lilistahili kuwa la kwanza. Lakini kiasi cha udongo kilichoingia baharini miezi ile ni nani alienda kupima nyasi za Ungwana baada yake? Jike aliyepaswa kushika mimba katikati ya 2024 angezaa baada ya katikati ya 2025. Nani alikuwa pale na daftari? Nauliza KWS, nauliza taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, nauliza taasisi ya utafiti wa wanyamapori pale Naivasha iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Naulizia daftari tu. Sijasema helikopta.

Msiniambie kwamba Wakenya hatujui kazi hii. Tunaijua kuliko karibu kila mtu duniani. Nenda Amboseli. Tangu 1972, Cynthia Moss na wenzake, wengi wao sasa wanawake wa Kimaasai na Wakenya wengine, wanajua tembo mmoja mmoja kwa masikio yake. Wanajua mama yake, nyanya yake, mwaka aliozaa na mwaka aliokataa kuzaa. Ukame wa 2009 ulipoua ndama na nyanya, wao hawakuishia kusema tembo wamepungua. Waliona majike waliopoteza watoto wakirudi kwenye joto pamoja mvua iliponyesha, wakahesabu miezi 22, na 2011 na 2012 ndama wakamiminika. Hiyo ndiyo elimu ya uzazi unaobadilika, imeandikwa Kajiado, na mnyama wake ni binamu wa nguva. Kama inawezekana kwa tembo mwenye kutembea kilomita nyingi porini, mbona isiwezekane kwa nguva?

Ah, kwa sababu tembo ana wageni. Sensa ya kitaifa ya 2021 ilituambia tuna tembo 36,280, na mwaka huohuo kampuni zikaitwa Amboseli kuwapa tembo majina kwa shilingi milioni 5 kila jina. Nguva hawezi kupigwa picha akiwa na Kilimanjaro nyuma yake. Ukimwona ni pua mbili na mgongo, sekunde tatu, amezama. Hata mradi wa kimataifa wa nguva na nyasi za bahari ulioanza 2015 ulikuwa na nchi nane, na Kenya haikuwamo. Madagaska na Msumbiji walikuwamo. Visiwa vya Solomon vilikuwamo. Sisi tulikuwa tunajenga bandari ya Lamu, tukichimbua sakafu ya bahari ili meli zipite, mpaka mahakama kuu ya Malindi mwaka 2018 ikasema wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara. Wavuvi angalau wanaweza kwenda mahakamani.

Sasa turudi kwa kile kisingizio: wako wachache mno, huwezi kupata kiwango cha uzazi kutoka kwa wanyama wachache hivyo. Mtu wa takwimu atakubali kwa haraka, na mimi nilifundishwa kukubali. Ukiwa na majike watano, asilimia haina maana. Sawa, achana na asilimia. Ukiwa na ng'ombe watano pia huhitaji asilimia, unahitaji kumjua kila mmoja. Afrika Kusini wanafanya hivyo na nyangumi. Tangu 1969 wanaruka kila mwaka kuwatazama nyangumi wanaokuja kuzaa kwenye pwani yao, na baadaye wakaanza kuwatambua mmoja mmoja kwa mabaka meupe ya kichwani. Kwa miaka mingi jike alikuwa akirudi na mtoto kila baada ya miaka mitatu. Katika muongo na nusu uliopita wakaanza kurudi baada ya minne, mitano. Nyangumi hawakuwa wameisha, walikuwa bado wengi. Kadi ndiyo ilisema kuna kitu kimeharibika kwenye chakula chao huko kusini karibu na barafu, na ilisema mapema kuliko hesabu yoyote ya vichwa ingeweza. Nguva nao wana makovu mgongoni, na siku hizi droni ndogo inayorekodi harusi Meru mjini inaweza kupiga picha ya kovu. Uchache ni sababu ya kumjua kila mmoja. Wao wanautumia kama ruhusa ya kutomjua yeyote.

Na kuna nguva ambao tayari tunawapata, ila tunawatupa. Namaanisha waliokufa kwenye nyavu. Jino refu la nguva lina pete ndani kama shina la mti, ukilikata unasoma umri wake. Mfuko wa uzazi wa jike unabeba alama za mimba alizopata. Huko mlangobahari wa Torres, kati ya Australia na Papua New Guinea, wenyeji wanaomla nguva kwa mila waliruhusu watafiti kuchukua viungo hivyo, na ndipo ikajulikana kwamba baada ya nyasi kufa miaka ya 1970 majike wachache sana walikuwa na mimba, na kwamba nyasi ziliporudi, mimba zikarudi. Kila mzoga ni maisha yote ya jike mmoja yameandikwa.

Kwetu mzoga huo unaenda wapi? Jiweke kwa viatu, ama kwa pekupeku, vya mvuvi wa Kizingitini. Umetega jarife, alfajiri unalivuta, kuna nguva amezama amekufa. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013, ilipopitishwa, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa kuhusu wanyama walio hatarini. Ilitungwa kwa ajili ya majangili wa pembe za ndovu, na hapo sawa. Lakini wewe una mashua ya kukodi na watoto watano. Utapiga simu kwa askari wa wanyamapori umwambie njoo uone? Utamkata na kumzika baharini kabla jua halijatoka, na mimi ningefanya hivyo, na wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu ya Rongai ungefanya hivyo pia. Sheria iliyokusudiwa kumlinda nguva inatishia mtu pekee anayemwona nguva, halafu tunashangaa hatuna taarifa.

Mvuvi anayeripoti nguva aliyenaswa kwa bahati mbaya asishtakiwe, aandikiwe tu, afidiwe wavu wake kama umekatwa, na jino lipelekwe Mombasa. Jarife zitolewe kwenye malisho ya nyasi, kwa kubadilishana na nyavu nyingine, kwa sababu hakuna mwaka mzuri wa uzazi unaoweza kushindana na jarife. Na mtu wa Meru apewe shilingi zilezile za tope anazopewa mtu wa Murang'a, apande matete na nyasi za napia kwenye kingo badala ya kulima mpaka ndani ya maji. Napia ni chakula cha ng'ombe, hapati hasara.

Kuna watakaosema vijana hawana kazi na wewe unataka tuhesabu mimba za nguva. Kwanza, serikali huhesabu zetu. Kila miaka michache inatuma watu mlango kwa mlango, na ndiyo maana tunajua mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa watoto 8 kwa wastani mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwaka 2022 wakawa 3.4, na hakuna waziri anayesema hiyo ni anasa, kwa kuwa shule na hospitali zinapangwa kwa nambari hizo. (Mashangazi wanaotuuliza tutaoa lini nao wangefaidika kusoma kuhusu Hervey Bay.) Pili, nyasi anazokula nguva ndizo anazokua ndani yake tafi, ndimo kamba wachanga wanajificha, na tafi na kamba ndio karo ya shule Faza na Kipini. Nguva akiacha kuzaa, malisho yameanza kuharibika, na mvuvi atayasikia kwenye mfuko miaka michache baadaye. Unaweza kungoja usikie kwenye mfuko ukitaka.

Kila ufuo wa kuvulia Kenya una BMU, na kila BMU ina ofisi, hata kama ni ya makuti, na katibu anayejua kuandika. Daftari la kurasa 200 halimalizi noti ya elfu. Safu tano: tarehe, mahali, wangapi, alikuwa na mtoto au hakuwa, kovu liko wapi. Safu ya nne ndiyo ninayoitaka. Ianze kujazwa kabla ya mvua za masika zijazo, kwa sababu Thingithu ukishabadilika rangi, huo mwaka tayari umeshaingia kwenye hesabu.